Jitu la kwenye simu lilivyotupeleka mapango ya Suswa

Nilisukuma mlango ukagoma. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, nimetoka zamu ya usiku wodini, miguu imevimba, na nilichotaka ni chai na kitanda basi. Nikasukuma tena. Ndani nikasikia mtu akigutuka. Alikuwa mwanangu wa kiume, miaka 11, amelala sakafuni nyuma ya mlango, blanketi la dadake limemfunika nusu, tochi ya kuchaji ingali inawaka mkononi.

"Unafanya nini hapa?"

"Nilikuwa nakungoja, Mama."

Usiku uliofuata nikamkuta hapo hapo. Wa tatu pia. Nikajaribu ukali, nikajaribu upole, nikaambulia "hakuna kitu" tu. Dadake, aliye sekondari na ambaye akishalala hata ngoma ya arusi haimwamshi, ndiye aliyenipa fununu. "Mama, ni zile video zake za anga. Angalia simu ya nyumbani."

Simu ya nyumbani ni simu yangu ya zamani, kioo kimepasuka pembeni, ninayowaachia ili tuwasiliane nikiwa kazini. Baba yao ni dereva wa malori. Akiondoka Mombasa kuelekea Kampala, twaweza kukaa wiki mbili bila kumwona. Kwa hivyo naona haya kusema kwamba usiku simu hiyo ndiyo mzazi wa zamu. Nikafungua orodha ya alivyotazama. Kilikuwa kitu kimoja kilichorudiwa mara nyingi: watu wamevaa mavazi ya wanaanga, wanashuka kwenye mashimo marefu katika sayari za mbali, na huko chini kuna kitu kinawangoja.

Mzazi mwenzangu, najua unasema ningezifuta tu hizo video yaishe. Nilitaka kwanza kujua ni nini hasa kinachomlaza mtoto sakafuni. Nikazitazama wakati wa mapumziko ya chai, usiku mbili. Naungama kwamba usiku wa pili nilimwomba mwenzangu wa zamu anisindikize chooni.

Hadithi hizi si za leo. Mwaka 1901 Mwingereza H. G. Wells aliandika kitabu kuhusu watu wawili wanaofika Mwezini na kukuta viumbe wanaoishi ndani ya Mwezi, chini kabisa, si juu yake. Mwaka uliofuata Mfaransa Georges Méliès akatengeneza filamu ya safari ya Mwezini, na humo pia wasafiri wanashuka chini ya ardhi na kukutana na wenyeji. Za wakati huo zilichekesha kuliko kutisha. Mambo yalibadilika 1979 ilipotoka filamu ya Alien: wafanyakazi wa chombo cha mizigo wanasikia ishara kutoka sayari wasiyoijua, wanatua, na mmoja wao anateremshwa kwa kamba hadi kwenye ukumbi wa chini uliojaa mayai. Ukiitazama hiyo utaelewa nyingine zote zilitoka wapi.

Kile alichokuwa akikitazama zaidi mwanangu si filamu, ni gemu. Inaitwa Dead Space, ilitoka 2008 na ikatengenezwa upya 2023. Ulaya imepewa alama ya umri wa miaka 18, na ukiiona hutabisha. Yeye hakuicheza, hatuna mashine ya kuichezea. Alikuwa anatazama watu wengine wakiicheza, saa nzima kwa mkupuo mmoja. Ndani yake kuna chombo kikubwa cha uchimbaji madini kinachopasua sayari na kuvuta mawe juu, na siku moja kinapakia kitu ambacho kingeachwa palepale. Wafanyakazi wanageuka mazimwi. Kisha anakuja fundi, Isaac Clarke, kwa sababu amepata ujumbe wa video kutoka kwa mpenzi wake, Nicole, anayefanya kazi katika idara ya matibabu ya chombo hicho. Nilidhani nimeelewa. Mazimwi yanatisha, mtoto ameogopa. Hilo halihitaji cheti cha uuguzi.

Jirani yetu ni mwalimu wa jiografia. Nilipomsimulia alicheka kwanza, jambo lililoniudhi kidogo, halafu akasema neno nililolichukulia kama mzaha: "Kama anaogopa mashimo ya sayari nyingine, mpeleke akaone moja. Mapango ya Suswa ni yale yale. Wanasayansi wanasema Mwezini kuna kama hayo." Nikaenda kusoma. Hakuwa anatania.

Basi Jumamosi moja ya likizo ya Agosti, mimi na mwanangu tukapanda matatu ya Narok. Binti alikataa katakata. Alisema hakuna mtu mwenye akili anayelipa nauli kwenda kuingia shimoni.

Njia yenyewe inastahili kusifiwa. Ukipita Limuru na kuanza kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa, dunia inafunguka mbele yako ghafla, Longonot upande mmoja, Suswa mbali kule, bapa na pana, mlima usiofanana na mlima. Chini ya mteremko kuna kale kakanisa kadogo kalikojengwa na mateka Waitaliano mwaka 1942, walipokuwa wanatengeneza barabara hiyo. Ukishapita Mai Mahiu na kushika barabara ya Narok, unakaribia kituo cha setilaiti cha Longonot, kilichofunguliwa 1970, chenye sahani zake kubwa zilizoelekezwa angani. Mwanangu alizitazama bila kusema kitu. Kisha akauliza, "Zile zinasikia tu, au pia zinajibu?" Nikamwambia nadhani zinafanya yote mawili. Swali hilo nililikumbuka baadaye.

Karibu na Suswa makanga alituonyesha mahali barabara ilipokatika Machi 2018, wakati ufa mkubwa ulipotokea baada ya mvua nyingi na picha zake zikazunguka dunia nzima. Wako waliosema Afrika inagawanyika vipande viwili. Wataalamu wengine walieleza kwamba maji yalikuwa yamebeba majivu ya volkeno yaliyojaa chini, na ardhi ya juu ikaporomoka. Vyovyote iwavyo, ni sehemu ambayo ardhi haijafunga mdomo wake.

Kutoka mji wa Suswa tulipanda bodaboda, moja kila mtu, vumbi mpaka kwenye meno. Mlima uko chini ya hifadhi ya jamii ya Wamaasai, na huingii mapangoni bila kiongozi. Wetu alikuwa kijana mrefu mwenye shuka nyekundu na gambuti, mtu wa maneno machache. Alimkagua mwanangu kuanzia juu hadi chini, akampa helmeti, akaifunga mwenyewe kidevuni. Ndugu yake alibaki na pikipiki juu, chini ya mti, na nilisikia wakizungumza kidogo kwa Kimaasai kabla hatujaondoka. Sikutilia maanani.

Tulipita kwanza penye mvuke. Suswa ni volkeno, na ingawa imetulia, bado inapumua: mvuke unatoka kwenye nyufa za mawe asubuhi kama jiko lililosahauliwa. Wenyeji wametega mabomba juu ya nyufa hizo, mvuke unapoa ndani yake na kuwa maji, matone yanaingia kwenye mtungi. Huku juu hakuna mto, kwa hivyo familia zinakunywa pumzi ya mlima. Mwanangu alionja, akasema yana ladha ya yai. Mimi niliyaona ya kawaida.

Halafu tukafika shimoni. Usitarajie mlango kama wa nyumba. Ni mahali paa la pango lilipoporomoka zamani, likaacha tundu pana lenye mti uliochipuka katikati na matawi yake yakafika usawa wa ardhi, kiasi kwamba ukiwa mbali unadhani ni kichaka tu. Unashuka kwa mikono na miguu juu ya mawe makubwa. Mwanangu alisimama ukingoni kwa dakika nzima. Sikumsukuma. Kiongozi wetu naye hakumsukuma, alikaa juu ya jiwe akachokonoa matope kwenye gambuti lake. Mtoto akashuka mwenyewe.

Ndani, jinsi pango lilivyotokea unaiona kwa macho. Volkeno ilipotapika, lava ilitiririka kama uji mzito kuteremka. Sehemu ya juu ikakutana na hewa, ikapoa na kuganda ikawa gamba. Chini ya gamba uji uliendelea kukimbia, ukiwa moto ule ule, kwa sababu gamba liliutunza kama blanketi. Chanzo kilipokauka, uji ukatoka wote upande wa pili na kuacha mfereji mtupu wenye paa. Kuta zina mistari ya kulala inayoonyesha uji ulifika wapi siku gani, kama sufuria isiyooshwa. Kwenye dari kuna vidole vya mawe, matone yaliyoganda kabla hayajadondoka.

Nilianza kumweleza kwamba Mwezini pia, lakini akanikata kauli. "Najua, Mama. Ya Mwezini ni makubwa zaidi, kwa sababu mvutano ni mdogo, paa halianguki kwa urahisi."

Kumbe kati ya zile video za kutisha alikuwa ametazama na nyingine. Akatupa darasa mimi na kiongozi wetu, sauti yake ikirudi kutoka gizani. Kwamba 2009 Wajapani walitangaza kwamba chombo chao Kaguya kiliona tundu jeusi Mwezini, sehemu ya vilima vya Marius, na likaonekana ni paa lililoporomoka, kama hapa tuliposhukia. Kwamba Mirihi nako yalionekana matundu saba kwenye mlima Arsia Mons, 2007. Kwamba katika Bahari ya Utulivu, ambayo si bahari bali ni uwanda wa lava Mwezini na ndiko walikotua wale wa kwanza 1969, kuna shimo lenye upana wa mita 100 hivi na kina cha zaidi ya mita 100. Mwaka 2024 watafiti walichambua upya vipimo vya rada vilivyochukuliwa 2010 na kuonyesha kwamba chini ya shimo hilo kuna njia inayoendelea pembeni. Pango hasa, si shimo tu.

"Na kuna nini ndani?" kiongozi akauliza. Aliuliza kwa dhati.

"Hakuna kitu," mwanangu akasema. "Ni digrii 17 tu."

Hiyo 17 nilikuwa nimeisoma pia na ilinishangaza. Juu ya Mwezi, mchana wa ikweta joto hupita digrii 100, na usiku wake, ambao ni wa wiki mbili, baridi hushuka chini ya sifuri zaidi ya 100. Hapo hakuna binadamu wa kuishi. Lakini 2022 watafiti wa Marekani walikadiria kwamba kwenye kivuli ndani ya yale mashimo, hali hukaa karibu digrii 17 muda wote. Limuru mwezi wa Julai ni baridi kuliko hapo. Juu ya hilo, paa la mawe linazuia miale hatari ya jua na vimondo vidogo. Ndiyo maana wanaopanga kwenda kuishi Mwezini wanayatazama mapango hayo kama sisi tunavyotazama ploti. Pale waandishi wa filamu walipoweka zimwi, wahandisi wanataka kuweka kitanda. Nilifurahi. Nilidhani ndiyo dawa niliyoijia: mtoto ameona shimo, ameligusa, halina kitu, tunarudi nyumbani.

Niseme hapa kwamba si kweli kwamba halina kitu, na mzazi anayepanga safari hii ayajue haya. Kuna pango watu wanaliita Bunge la Nyani, kwa sababu nyani hulala humo usiku, safu kwa safu juu ya mawe, na mawe yenyewe yameng'aa kwa kukaliwa vizazi na vizazi. Mchana huwa wametoka, lakini harufu inabaki. Kuna popo wengi sana, aina yenye masikio makubwa, wanaokula wadudu. Sauti yao unaisikia kabla hujawaona, kama mafuta yanayochemka mbali. Usiwaguse, usiwamulike machoni, usimruhusu mtoto kushika kinyesi chao wala kula kitu bila kunawa. Vumbi la kinyesi cha popo lina kuvu inayoweza kuingia mapafuni, vaeni barakoa. Na sisi wa hospitali hatusahau Kitum, pango lingine kabisa, la Mlima Elgon: 1980 na 1987 watu wawili waliokuwa wamelizuru waliugua virusi vya Marburg na kufa. Virusi hivyo hubebwa na popo wanaokula matunda, si hawa wa Suswa, lakini adabu ni ile ile. Zimwi la kweli la pangoni ni dogo mno hata tochi hailionyeshi, na dawa yake ni sabuni. Mtoto wangu alinisikiliza kwa subira ya mtu aliyezaliwa na muuguzi.

Tulipofika mahali mwanga wa mlangoni umeisha kabisa, kiongozi akasema, "Zimeni tochi."

Tukazima.

Sijui nikuelezeje. Nyumbani stima ikipotea bado kuna mwezi, kuna gari linapita, kuna simu ya jirani. Hapa nilifungua macho na kuyafumba na hakukuwa na tofauti. Nilisikia damu yangu masikioni. Nikaelewa kwa nini hadithi zile zinapelekwa huko chini. Hakuna mtandao, njia ya kutoka ni moja, na ukipiga kelele mawe ndiyo yanayosikia. Kuongeza zimwi juu ya hapo ni kama kutia chumvi kwenye maji ya bahari.

Kisha kwenye giza lile mwanangu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Anko, nani yuko juu?"

"Juu wapi?"

"Mlangoni. Nani anajua tuko hapa?"

"Ndugu yangu," kiongozi akajibu. "Tumeingia saa nne na nusu. Nimemwambia saa sita na nusu tuwe tumetoka. Ikipita, anaita wenzake, wanashuka."

Kumbe hayo ndiyo waliyokuwa wakizungumza. Nimesoma baadaye kwamba hata wanaanga wa Ulaya, ambao tangu 2011 wamekuwa wakipelekwa siku kadhaa kwenye mapango ya kisiwa cha Sardinia kufanya mazoezi, hushuka kwa timu na hupanga muda wa kuwasiliana na walio nje. Huendi shimoni bila mtu wa mlangoni.

"Lakini hiyo ulimwambia asubuhi," mwanangu akaendelea. "Sasa hivi utajuaje kama bado yuko?"

Kimya. Nikamsikia kiongozi akicheka kidogo puani, bila dharau. "Haya. Washeni."

Alituongoza mpaka sehemu nyingine ambapo paa limetoboka, nguzo ya mwanga imesimama katikati ya pango kama kitu unachoweza kukishika, vumbi likipanda ndani yake. Akaweka vidole viwili mdomoni akapiga mluzi. Tukangoja. Kutoka juu, mbali, mluzi ukajibu.

Mwanangu akaomba apige yeye. Hajui kupiga mluzi kwa vidole, ulitoka upepo tu. Akaita, "Uko?"

"Nipo!" sauti ikateremka.

Akaita tena. Ikajibu tena. Aliita mara nne, na mara ya nne mwenye pikipiki akauliza kwa Kiswahili kama kuna mtu ameumia. Kiongozi akamwambia hapana, ni mtoto anajaribu.

Hapo ndipo alipokaa chini juu ya jiwe na kuanza kulia, na mimi nikakaa naye. Kiongozi akasogea kando kwenda kukagua kitu kwenye ukuta ambacho hakikuhitaji kukaguliwa. Namshukuru.

"Mama, ule ujumbe wako wa usiku ni wa saa ngapi?"

Lazima nieleze. Wodini simu tunaziacha kwenye kabati mpaka mapumziko, na mapumziko yangu huwa saa nane usiku, wao wamelala. Kwa hivyo nilikuwa nimebuni mbinu, nikajiona mjanja. Saa kumi na mbili jioni, nikiwa kituoni nangoja matatu, narekodi ujumbe wa sauti: lala salama mwanangu, umepiga mswaki, Mungu akulinde. Dadake anamchezea saa tatu. Miaka miwili nimefanya hivyo. Siku nyingine nilikuwa na haraka, nikamtumia ule wa jana.

"Nicole pia alikuwa anafanya kazi hospitalini, kwenye kile chombo," akasema. "Alimtumia Isaac ujumbe. Isaac akawa anautazama, anautazama, akaenda kumtafuta. Na kumbe alikuwa ameshakufa kabla hajafika. Ujumbe ulikuwa unaongea tu. Isaac hakujua mpaka mwisho."

Sikuwa na la kusema. Niliwaza 2020, yeye na miaka sita, nilipowekwa karantini siku 14 baada ya mgonjwa wetu kupatikana na korona. Siku hizo zote alinijua kama sauti ndani ya simu. Wakubwa waliokuwa wakinong'ona sebuleni hawakujua anasikia.

"Ndiyo maana unalala mlangoni?"

"Mlango ukifunguka najua ni wewe. Hauwezi kurekodiwa."

Nilikuwa nimesafiri mpaka chini ya mlima kumwonyesha kwamba mazimwi hayapo, na mtoto hakuwahi kuyaogopa mazimwi. Aliyatazama kwa vidole mbele ya macho kama watoto wote, yakapita. Kilichomkaa ni kile nilichokitazama mimi bila kukiona, kwa sababu nilidhani sehemu ya mapenzi ni ya kujaza muda kati ya zimwi na zimwi.

Tulitoka saa sita na dakika kumi. Mwenye pikipiki alikuwa amesimama ukingoni kabisa, anachungulia. Mwanangu alimpa mkono, akamwamkia kwa heshima zote kama mtu aliyemwokoa.

Kwa mzazi anayetaka kwenda: nendeni kiangazi, maana mvua ikinyesha ile barabara ya juu haipandiki. Tochi mbili kwa kila mtu, si ya simu. Suruali ndefu, viatu vinavyofunga, maji ya kutosha, fedha taslimu za lango na za kiongozi. Mtoto aliye chini ya miaka minane nisingempeleka. Kuna mahali unapita kwa tumbo. Na mwambieni mtu aliyebaki juu saa mnayotarajia kutoka.

Kuhusu zile video, tumekubaliana. Gemu ya miaka 18 itangoja miaka 18. Alinung'unika, akakubali, akaomba abaki na zile za Mwezi. Baba yake aliporudi kutoka Kampala alitaka kumwonyesha filamu ya Alien kwa sababu yeye mwenyewe aliipenda ujanani. Nikasema hapana, wakaungana wote wawili kunikasirikia.

Nilimwendea msimamizi wa wodi, nikamweleza kila kitu, hata mluzi. Nilitarajia anicheke. Alisema ana mjukuu. Sasa saa tatu usiku napewa dakika tano, nasimama kwenye ngazi za nyuma karibu na chumba cha kufulia, penye mtandao mzuri, na kupiga simu. Usiku wa kwanza mwanangu alinyamaza kidogo baada ya salamu. Kisha akauliza, "Mama, leo mmekula nini?"

"Ugali na maharagwe. Maharagwe yaliungua."

"Na sasa hivi unaona nini?"

Nikageuka kuangalia. "Naona ndoo ya mopu. Na paka wa hospitali amelala juu ya ngazi ya tatu."

"Wa rangi gani?"

"Wa kijivu. Ameamka sasa, ananitazama."

"Sawa," akasema, na akakata simu kabla sijamwambia apige mswaki.